Kutoka A hadi Z: shajara ya kaunta buku la mwaka wa pili

Novemba, mwanzo wa muhula

Mradi wenyewe ni huu: ukurasa mmoja kwa kila herufi ya abjadi ya Kiswahili, na kila ukurasa uhusu kitu kimoja cha maisha ya kila siku ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakuna mhadhiri aliyeagiza kazi hii na hakuna maksi zake. Nimenunua kaunta buku, nimelifunika kwa gazeti kama tulivyofanya shule ya msingi, na kurasa za nyuma nimezitenga kwa ajili ya shajara hii ili nijue kazi inakwendaje.

Masharti niliyojiwekea: herufi zifuatane, hakuna kuruka. Kitu ninachokiandika kiwe nimekishika, nimekila, nimekisikia au nimedaiwa kwa ajili yake wiki hiyohiyo. Na maneno makubwa marufuku. A haitakuwa amani, M haitakuwa maendeleo, U haitakuwa uzalendo. Hayo tuliyamaliza mstarini asubuhi tukiwa darasa la nne.

Hesabu ya herufi nimeifuata kamusi: A, B, CH, D, hadi Z, jumla 24. SH, NG', DH na ndugu zao hawana ukurasa wao; wanalala kwa S, N na D kama wanavyolala kwenye kamusi. Jamaa ninayeishi naye geto, yaani chumba cha kupanga, mtu wa uhandisi wa ujenzi, ameipitia orodha akasema nitaishia G.

Wazo lenyewe ni la zamani. Watunzi wa Siu, huko visiwa vya Lamu, walishatunga beti zinazofuata alifu, bee, tee hadi mwisho, kila herufi na zamu yake. Wao walikuwa wakizungumza na Mola na nafsi zao. Mimi A yangu ni alfajiri, na alfajiri yenyewe ni ya Changanyikeni, nyuma ya chuo, ambako wa kwanza kuamka ni ndoo. Unasikia ndoo tupu ikigonga ukingo wa simtanki, halafu adhana, halafu bodaboda anapasha injini, halafu jogoo, ambaye siku zote huja wakati kila mtu ameshaamka.

Novemba, wiki ya tatu

B ilinipa tabu, si kwa kukosa neno. Neno la B chuoni ni moja tu: bumu.

Kwa asiyepita huku, bumu ni pesa ya kujikimu inayotokana na mkopo wa elimu ya juu. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango cha kujikimu ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Hiyo "kwa siku" ni ya kwenye karatasi. Pesa inaingia kwa mkupuo wa kama miezi miwili, na mtu akishaona laki tano, laki sita zimekaa pamoja kwenye simu yake, siku hazihesabu tena. Anahesabu viatu.

Tatizo ni kwamba B imefika na bumu bado. Ningeruka niende CH, nirudi likishatoka, lakini sharti ni sharti. Kwa hiyo ukurasa wa bumu umeandikwa na mtu aliyefulia, hana hata senti. Nimeandika kuhusu yule anayetuma ujumbe kwenye kundi la darasa saa sita usiku, neno moja tu, "Limesoma!", yaani bumu limeingia, na jinsi mabweni mazima yanavyowasha simu kuangalia salio, kumbe jamaa alikuwa anajifurahisha. Nimeandika kuhusu daftari la Mangi dukani, ambalo sasa hivi lina majina ya nusu ya mtaa, na Mangi mwenyewe anayejua ratiba ya chuo kuliko sisi. Nadhani ukurasa ungekuwa mbaya zaidi kama ningekuwa na hela.

CH ni chapati, kwa sababu hiyohiyo. Chapati mbili na maharage ya shilingi mia tano zinakufikisha jioni. Mama anayepika pale njia ya kwenda Msewe husukuma kwa chupa ya soda, na ya kwanza kwenye kikaangio hamuuzii mtu. Anasema hiyo ni ya kupimia moto. Anampa mtoto.

D iligombaniwa: daladala, deni, dada, dagaa. Nimechagua desa, yaani notsi za kurithishana. Lililo mikononi mwangu sasa ni fotokopi ya fotokopi, limepita kwa watu wa miaka mitatu au minne iliyopita, na pembeni kuna miandiko tofauti. Mmoja kaandika "hii lazima itoke" na kupigia mstari mara mbili. Chini yake mwingine, kwa kalamu nyekundu: "haikutoka". Ukurasa wa mwisho una doa la mafuta lenye umbo la mandazi na mwanzo wa barua ya mapenzi iliyokatishwa. Kusoma desa kuna raha yake kwa sababu unasoma na watu. Kitabu cha maktaba hakikuambii kwamba aliyekitangulia alisinzia ukurasa wa nane.

Desemba

Nilidhani E itanikwamisha, maana maneno ya kienyeji yanayoanza na E ni machache na mengi ni makubwa makubwa: elimu, enzi, eneo. Msimu umeniokoa. Ni embe, na Desemba Dar es Salaam yote inanukia embe. Siongelei bolibo wala dodo lililoiva. Naongelea embe bichi la muuza aliyekaa njiani kwenda mihadhara: analimenya kwa mikato mirefu bila ganda kukatika, analichanja huku likiwa bado limeshikamana na kokwa kama ua, anapaka chumvi na pilipili ya unga kwa kidole, anakukabidhi. Meno yanakufa ganzi, unaingia darasani unafyonza mate. Mhadhiri anadhani una swali.

F ni foleni. Kila mtu ameshaandika kuhusu foleni ya Dar es Salaam, na barabara ya Sam Nujoma jioni haihitaji mwandishi mwingine. Nilitaka kuipita haraka, na ndiyo hiyo wiki bumu likasoma. Kwa hiyo foleni niliyoiandika ni ya kwenye mashine ya kutolea pesa, watu wamepanga mstari mpaka kwenye majani, wote wanacheka, hakuna aliyemkasirikia aliyesahau namba yake ya siri. Foleni nyingine ya watu wenye furaha namna ile sijaiona mjini hapa.

Jamaa akaniambia sasa rudi B, uandike upya, uandike kwa raha. Nimekataa. Hapo ndipo nimeanza kuona mradi huu unafanya nini: mwaka wa chuo una mpangilio wake, wa kufulia na kuwa na hela, wa msuli, yaani kukesha ukisoma, na likizo, na abjadi ina wake, na hizo mbili hazijawahi kuulizana. Herufi inakukuta ulivyo.

G imeandikwa (geto). Chumba kimoja, vitanda viwili, sufuria mbili, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele. Sina la kuongeza. G haikunishinda, jamaa amekumbushwa.

Januari

Wiki za kazi za vikundi, kwa hiyo herufi zimekwenda mbio.

H ni hodi. Nyumbani kwetu Tabora mtu anasimama nje, anapiga hodi, anangoja karibu, na kama hakuna jibu mara tatu anaondoka. Geto watu hawapigi hodi. Anayekuja anatuma "upo?" akiwa ameshasimama mlangoni, unaona mwanga wa simu yake chini ya mlango. Sijui kama ni adabu mpya au ni ukosefu wake, lakini mama mwenye nyumba ana msimamo: asiyepiga hodi kwa sauti ni mwizi mpaka ithibitike vinginevyo.

I ni Ijumaa. Kanzu na baibui zinaongezeka, vitenge vinaongezeka, sauti za watu zinashuka kidogo. Baada ya swala kuna pilau mahali fulani, na anayejua ni wapi hatangazi.

J ni jirani, K ni kimbweta. Kimbweta nilikikalia huku nakiandika: meza ya zege na viti vyake vya zege chini ya mti, ubaridi unapita kwenye suruali asubuhi, mchana kinaunguza. Watu wa sherehe za mahafali hupiga picha ukumbi wa Nkrumah, na mimi nawaelewa, jengo ni jengo. Lakini digrii zenyewe zinapatikana kwenye vimbweta.

Januari, mwisho

L imechukua kurasa mbili na nusu, kinyume cha mpango, na naziacha hivyohivyo.

L ni luku, umeme wa kulipia kabla. Nyumba yetu ina vyumba vinne vya wapangaji na mita moja. Kila chumba kinatoa shilingi 2,000, mmoja ananunua kwa simu, na tokeni inakuja: tarakimu 20. Siku ninayoiandika umeme ulikata saa mbili usiku, mvua inanyesha, na mita iko juu ya ukuta wa nje. Kaka wa chumba cha tatu alipanda kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mimi nilishika mwavuli juu yake. Jamaa alishika tochi ya simu. Dada wa chumba cha kwanza, anayesomea uuguzi na ndiye pekee anayeaminiwa na namba, alisimama mlangoni akisoma nne nne: "Tatu, sifuri, saba, moja. Umeweka? Tisa, tisa, mbili…" Kaka akisema "rudia", anarudia kwa sauti ileile, bila hasira, kama anamhesabia mgonjwa matone. Mara ya kwanza ikakataa. Mara ya pili ikakataa. Mara ya tatu taa ya barazani ikawaka na nyumba yote, hata mtoto wa mwenye nyumba aliyekuwa amelala, ikapiga kelele moja.

Kesho yake ugomvi. Nani ana jiko la umeme? Hakuna aliye nalo. Mbona yuniti zinaisha kama maji? Mama mwenye nyumba akaitisha kikao barazani, akapita chumba kwa chumba, akatoka na heta ya maji iliyofichwa ndani ya ndoo ya nguo chafu. Hakusema imetoka chumba gani. Aliiweka tu juu ya meza, kikao kizima kinaiangalia, akasema: "Wanangu, heta siku moja moja, kwa anayeumwa. Pasi Jumapili. Mmeelewa?" Tukaelewa. Nilikuwa na mpango P iwe pasi. Sasa imeshaingia huku, itabidi nitafute nyingine.

Februari

Mitihani. Daftari limefungwa. Nilipanga M iwe msuli, maana ndicho tunachopiga wote usiku kucha, na M ina maneno mengi kuliko herufi yoyote katika kamusi, unaweza kuchagua hata ukiwa umelala. Halafu mwenzetu wa darasa akafiwa na baba yake siku mbili baada ya karatasi ya mwisho, na M ikawa msiba.

Kiongozi wa darasa alitangaza mchango kwenye kundi, orodha ikajaa, tukakodi costa kwenda Mlandizi. Kufika tukakuta turubai, viti vya plastiki, kina mama kwenye mikeka ndani, kina baba nje, vijana wanachota maji na kupasua kuni. Kila anayefika na mzigo wa msiba anajua pa kukaa bila kuonyeshwa. Sisi wanafunzi tulisimama kidogo kama tumepotea, mpaka mzee mmoja akaniita, akanipa daftari na kalamu. Mtu alikuwa amemwambia mimi huwa naandikaandika.

Lilikuwa daftari la rambirambi. Jina, anakotoka, kiasi. Nikaketi kwenye meza ndogo pembeni ya kopo. Watu wanakuja, wanatoa 1,000, 2,000, 10,000, bibi mmoja akatoa 500 iliyokunjwa mara nyingi kwenye ncha ya khanga na akanisubiri niandike majina yake yote matatu. Kwa mazoea ya miezi hii nilichora mistari nikataka kuyapanga majina kwa herufi, ili familia ikitaka kumtafuta mtu baadaye wampate haraka. Mzee akaegemea akatazama.

"Andika anavyokuja, mwanangu. Hapa hatupangi watu."

Nimeandika anavyokuja mpaka saa kumi. Ukurasa wa M katika kaunta buku langu ni mfupi kuliko nilivyotarajia. Mambo ya kule mengi si yangu kuyaandika.

Machi

Muhula wa pili. N ni nauli. Mwanafunzi mwenye sare hulipa 200 na kuambiwa asimame. Mwanafunzi wa chuo hana sare, analipa ya mtu mzima, na konda akitaka kukukejeli anakuita "msomi". Sina kinyongo. Nimewahi kuwa yule wa 200, nimesimama toka Mwenge mpaka Ubungo nikiwa nimebanwa kati ya ndoo ya samaki na begi la mtu, najua bei yake.

O ilikuwa ya kuhangaikia: oga, osha, ofisi, omba. Imekuwa orodha, kwa sababu wiki hiyo ilibandikwa orodha ya vikundi vya semina, imepangwa kwa herufi za majina ya ukoo. Angalia orodha yoyote ya chuo hapa Tanzania: A mistari michache, B michache, halafu unafika M na karatasi inakwisha. Mwa-, Mwe-, Mba-, Mka-, Msu-. Mimi ni mmoja wao. Vikundi vitatu vizima ni M watupu, na tunajuana tangu mwaka wa kwanza kwa sababu hiyo tu; marafiki wangu wengi wa chuo nimepewa na abjadi. Wenye majina ya Z huwasilisha wiki ya mwisho, wakati kila swali limeshaulizwa, au wakati mhadhiri amechoka na anagawa maksi kwa huruma. Inategemea unamuuliza nani.

P: panya. Yupo geto, ni mmoja, ni mkubwa. Nimeandika aya moja na nusu kisha nikaenda kununua gundi.

R imeangukia Ramadhani, na hii ni mara ya kwanza herufi na kalenda kukubaliana tangu nianze. Mwaka huu Kwaresima nayo imekwenda sambamba. Jamaa anafunga Ramadhani, mimi nafunga Kwaresima kwa namna yetu isiyo na ukali, na geto sufuria zimepumzika mchana kutwa. Jioni dada wa chumba cha kwanza anatuma mtoto wa mwenye nyumba na bakuli. Uji wa pilipili manga, tambi za sukari, mihogo iliyopikwa kwa nazi mpaka tui limekuwa zito na linang'ang'ania kijiko. Adhana inasikika, jamaa anachukua tende, anainyamazia kidogo mdomoni. Nilimuuliza njaa inaishia wapi, tendeni au kwenye uji. Alisema inaishia saa tisa alasiri. Baada ya hapo kinachobaki ni uvivu. Hilo nimeliandika kama alivyosema.

Aprili hadi Mei

Masika imeanza na mwandiko wangu umeharibika, maana naandika kitandani ambako paa halivuji.

S: sapu, mtihani wa kurudia somo ulilofeli. Matokeo yametoka. Sitaandika ya nani. Neno dogo, linasikika kama chakula, na linakula likizo ya mtu yote.

T: tope. Changanyikeni iko mteremkoni, barabara za ndani ni za udongo, na wanafunzi wa huku unawatambua darasani kwa viatu. Kuna wanaotembea na malapa, viatu wamevibeba kwenye mfuko wa nailoni, wanafika bomba la kwanza la chuo wanaosha miguu na kubadili. Baada ya saa mbili asubuhi bomba hilo lina foleni. Nami nilisema foleni haihitaji mwandishi mwingine.

U: ugali. Jamaa anausonga kwa hesabu za uhandisi, anaongelea uwiano wa maji na unga kama anamwaga nguzo. Unatoka mgumu kiasi cha kuridhisha.

V: vocha. Kitu kinachokufa. Mwaka wa kwanza nilikuwa bado nakwangua kwa sarafu na unga wa kijivu unaingia kwenye kucha. Sasa hata Mangi anakushangaa ukiiomba. Nimebandika moja iliyokwanguliwa kwenye ukurasa wake.

W: wakala wa pesa za simu. Ukitaka kujua hali ya mtaa muulize yeye, maana anajua nani anapokea kutoka nyumbani na nani anatuma nyumbani. Nusu ya wanafunzi wa huku wanatuma. Watu wanaosema wanafunzi wanakula bumu kwa viatu hawajakaa kwenye benchi la wakala wiki ambayo limesoma. Nami nilisema hivyo kule B. Sifuti, nimeongeza tu alama ya mshale: "tazama W".

Y ina kazi ngumu kwenye lugha yetu: yaya, yatima, yeye. Aliyeniokoa ni muuza mayai ya kuchemsha, anayepita saa moja jioni na trei kichwani na kikopo cha kachumbari. Yai analipasua kwa ukucha wa kidole gumba, analifungua kama kitabu, anapakia kachumbari katikati na pilipili ya ukwaju. Yote kwa mkono mmoja, mwingine umeshika trei.

Z nayo imegeuka yai: zege, yaani chipsi mayai, chakula cha kusherehekea kwa asiye na hela ya kuku. Tulikula na jamaa usiku wa kumaliza daftari. Alilipa yeye, kwa sababu ya G.

Juni

Herufi 24 zimeisha, na bado kuna ukurasa mmoja ambao sikuupanga. Jamaa aliuliza Q na X zimekwenda wapi, nikamwambia hazimo katika tahajia iliyosanifishwa na Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930. Akafungua simu yake, akanionyesha ujumbe wa mdogo wake. Kweli, X ipo. Iko kwenye simu za watoto wa sekondari: "xaxa", "xana", "naxoma". C peke yake nayo ipo: "cjui", "cna", "ckuelewi". Hakuna aliyewaruhusu na hakuna anayewakosoa isipokuwa walimu wa Kiswahili watarajiwa kama mimi, na mimi mwenyewe nikiwa na haraka naandika "cjafika".

Basi zimepata ukurasa, mwishoni baada ya Z, hazina mpangilio. Nimenakili jumbe za mdogo wangu wa kidato cha pili kama zilivyo, kwa ruhusa yake, aliyoitoa kwa masharti ya vocha. Ya mwisho inasema: "kaka xaxa hilo daftari unaniandika na mm?" Nimemjibu kwamba yumo, yuko X. Ameuliza kama X ni mbele au nyuma.

Kinachofuata ni kuchapa. Steshenari ya Savei, jirani na chuo, wanachaji kwa ukurasa, na L peke yake ni kurasa mbili na nusu, kwa hiyo nitachapa mwenyewe maktaba, jioni, kuanzia popote patakaposomeka vizuri zaidi. Mwandiko wa masika utangoja.